Naingia bwenini muhula huu: sheria zipi za hosteli zinabana kweli, na nianze na lipi?

MkaziMpya aliuliza:

Habari zenu wanajukwaa.

Nimepangiwa nafasi katika bweni la chuo. Chumba ni cha watu wanne, vitanda viwili vya dabo deka, choo na bafu ni vya ghorofa nzima. Nimetumiwa mkataba wa makazi pamoja na kijitabu cha sheria. Nimesoma vyote viwili, lakini kila kitu kimeandikwa kwa uzito uleule: hairuhusiwi kupigilia msumari, hairuhusiwi jiko, hairuhusiwi mgeni kulala. Sioni lipi ni la kukemewa na lipi ni la kufukuzwa.

Naomba mnisaidie hapa:

1. Siku ya kupokea chumba nikague nini, ili mwisho wa mwaka nisikatwe amana kwa uharibifu niliokuta?
2. Umeme. Kijitabu kinasema vifaa vya kupasha joto ni marufuku, ila kompyuta na feni ni ruksa. Mpaka uko wapi? Na ekstensheni je?
3. Wenzangu watatu siwafahamu. Tukubaliane nini mapema, na tukubaliane vipi?
4. Ndugu yangu akifika usiku hana pa kulala, inakuwaje?

Wenye kuyajua mambo ya mabweni, naomba mnipe na sababu. Sheria nikijua sababu yake sihitaji kukumbushwa.

---

MleziWaBweni alijibu:

Karibu sana, mdogo wangu. Umeuliza mapema, na hilo peke yake litakuokolea mengi. Nachukua swali la kwanza na la nne, la umeme nawaachia mafundi.

Kabla hujafungua hata begi, omba fomu ya hali ya chumba. Hiyo karatasi ndiyo itakayosomwa siku unaondoka, na kumbukumbu ya mtu haina nafasi mbele yake. Kosa la wengi ni kuweka alama ya "nzuri" kila mstari ili wawahi kupanga vitu. Andika kasoro kwa namna ambayo mtu asiyekuwepo ataielewa. "Mlango una kasoro" haisaidii. "Mkwaruzo wa sentimita 20, upande wa ndani wa mlango, chini ya kitasa" inasaidia.

Kitanda kwanza: geuza godoro uone pande zote mbili, bonyeza chaga moja moja, panda ngazi ya dabo deka uone kama inayumba, na utikise ule ubao wa pembeni unaomzuia wa juu asianguke. Ukicheza, omba ukazwe siku hiyohiyo, usisubiri. Kisha kitasa: funga na ufungue mara kadhaa ukiwa ndani, halafu ukiwa nje. Dirisha lifunge hadi mwisho na wavu usiwe na tundu. Jaribu kila soketi kwa chaja ya simu. Chumba kikiwa na sinki, fungua bomba dakika moja nzima kisha pitisha mkono chini ya mabomba, maana uvujaji mdogo hauonekani kwa macho ila mkono utalowa. Malizia na dari. Doa la duara la rangi ya chai maana yake maji yamewahi kupita hapo, na mvua ikija yatapita tena.

Picha piga pana kutoka pembe nne za chumba, halafu za karibu kwa kila kasoro. Zitume kwa barua pepe ya ofisi ya makazi siku hiyohiyo. Tarehe ya barua pepe iliyopokelewa ni vigumu kuibishia, tarehe ya kwenye simu yako ni rahisi. Angalia pia fomu irudishwe ndani ya muda gani. Sehemu nyingi hutoa saa 24 hadi 72, na asiyerudisha huhesabiwa amekubali kwamba chumba kilikuwa kizima.

Katika mkataba kuna kifungu cha uharibifu wa pamoja, kisome mara mbili. Kikiharibika kitu na mhusika asijulikane, gharama hugawanywa kwa wote wanaokaa chumbani, na cha korido au bafu hugawanywa kwa ghorofa nzima. Dawa yake ni kuripoti kwa maandishi mapema. Bomba lililoripotiwa likiwa linadondoka ni kazi ya matengenezo. Lisiporipotiwa mpaka likaozesha mbao za chini, linageuka uzembe wa mkazi.

Ufunguo usiuchongeshe nakala wala kumwazima mtu. Ukipotea, kwa kawaida hubadilishwa silinda nzima ya kitasa na kila mkazi wa chumba hupewa ufunguo mpya, na ndiyo maana bili yake huwashtua watu.

Jambo jingine ambalo wageni wengi wa mabweni hawalijui: mara nyingi mkataba huu si wa upangaji kama wa nyumba. Ni ruhusa ya kukaa. Chuo kinaweza kukuhamishia chumba kingine, kufunga bweni wakati wa likizo na kuingia kukagua. Tafuta vifungu vya kuingia chumbani, kuhamishwa na kuvunja mkataba kabla ya muda, uvielewe kabla ya kusaini. Ukaguzi wa kawaida hutangulizwa na taarifa, kwa kawaida ya siku moja. Penye moshi, maji yanayofurika au mtu asiyeitika mlango, hakuna taarifa.

Sasa wageni. Taratibu ni zilezile karibu kila mahali: mgeni anaandikishwa mapokezi, anaacha au anaonyesha kitambulisho, anaondoka kabla ya saa iliyowekwa, na wewe mwenyeji unabeba kila atakachofanya humo ndani. Akivunja kioo, umevunja wewe. Anayelala anahitaji kibali cha ofisi na idhini ya wenzako wote wa chumbani, na siku huwa na kikomo.

Sababu kubwa ni moto. King'ora kikilia saa tisa usiku, watu wanahesabiwa nje kwa orodha. Asiye kwenye orodha hatafutwi, kwa sababu hakuna anayejua yumo. Kubebana nako ni hivyohivyo: chumba cha wanne kikilaza saba, milango, ngazi, vyoo na kitanda cha juu vyote vinabeba kuliko vilivyopimiwa.

Kwa hiyo ndugu yako akifika usiku, piga simu mapokezi au kwa mlezi wa zamu *kabla* hajaingia. Bweni likiwa na chumba cha wageni atapewa, au utaandikiwa kibali cha usiku mmoja, au utaambiwa hapana na kuelekezwa pengine. Hata hapana ya namna hiyo haiandikwi kwenye faili lako. Kumpitisha mlango wa nyuma ndiko kunakoandikwa, na hapo adhabu ya kawaida si onyo. Ni kupoteza nafasi ya chumba.

---

FundiUmeme alijibu:

Mpaka unaoutafuta uko kwenye wati. Geuza kifaa chako, chini au nyuma yake pana kibandiko, soma namba iliyofuatwa na W.

Kompyuta mpakato ni wati 45 hadi 100. Feni ya meza 30 hadi 60. Taa ya LED haifiki 15. Chaja ya simu ni kidogo tu. Ukija upande wa pili: birika la umeme 1,500 hadi 3,000, pasi 1,000 hadi 2,400, heta ya kuzamisha kwenye ndoo 1,000 hadi 2,000, jiko la sahani moja 1,000 hadi 1,500, mashine ya kukaushia nywele 1,200 na kupanda. Yaani birika moja linakula umeme wa kompyuta kumi na tano au zaidi.

Sasa hesabu. Wati ni volti mara ampea. Kwenye umeme wa volti 230, breka (swichi inayokata umeme mzigo ukizidi) ya ampea 20 inabeba wati 4,600, na breka hiyo moja aghalabu inalisha soketi za vyumba kadhaa. Mabirika mawili ya 2,000 na pasi moja ya 1,000 ni 5,000, karibu ampea 22. Watu husema "ikizidi itakata yenyewe". Si lazima. Breka za kawaida zimeundwa zivumilie kuzidiwa kidogo, na ziada ya asilimia kumi inaweza kubebwa zaidi ya saa nzima bila breka kushuka. Muda wote huo waya ulio ndani ya ukuta unapata moto, na penye kiungo kilicholegea ndipo panapoanza kuungua. Kwenye nchi za volti 120 hali ni ngumu zaidi, kwa kuwa wati zilezile zinavuta karibu ampea mara mbili.

Sababu ya pili ni kwamba vifaa vya joto vinasahauliwa. Heta ya kuzamisha haina cha kuizima: maji yakiisha ndoo inayeyuka. Birika zuri hujizima maji yakichemka, lakini linategemea mvuke ufike kwenye kikatio chake. Ukichemsha kifuniko kikiwa wazi mvuke unatoka juu na birika linaendelea. Mtu anadhani ana kifaa salama, kumbe usalama wake ulikuwa kwenye kifuniko.

Kama kuna jiko la pamoja au chumba cha kupigia pasi kwenye ghorofa, hapo ndipo pa kutumia vitu hivi, kwa sababu huwa na waya na breka zake.

Ekstensheni: usihesabu matundu, soma waya. Pembeni ya waya pamechapwa maandishi kama 3 x 0.75 mm². Huo wa 0.75 unabeba ampea 6, sawa na wati 1,380 tu kwa volti 230. Wa 1.0 unabeba 10, wa 1.25 unabeba 13. Ekstensheni ya matundu sita yenye waya wa 0.75 inafaa kompyuta, simu na taa, basi. Nunua yenye fyuzi au kikatio chake, na waya wa 1.25 au unene zaidi.

Usichomeke ekstensheni ndani ya ekstensheni. Ile ya kwanza inabeba mzigo wa zote, na kila kiungo kinaongeza joto lake. Usiiache imezungushwa kama kamba wakati inatumika, joto halina pa kutokea. Usiipitishe chini ya godoro, zulia wala mlango. Na kama plagi zenu ni za pini tatu zenye fyuzi ndani, taa huwekewa ya ampea 3, kifaa kikubwa ya 13. Fyuzi ikikatika, weka fyuzi. Kuna wanaoifunga kwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, na hapo waya ndio unakuwa fyuzi.

Soketi inayougua inasema: plagi ina joto hadi huwezi kuishika, plastiki imegeuka kahawia, panasikika mlio mdogo wa kukaanga, au chumba kina harufu kama ya samaki ambayo hamjui inatoka wapi. Harufu hiyo mara nyingi ni plastiki ya soketi inayopikika. Zima, chomoa, ripoti. Usifungue mwenyewe.

Betri za lithiamu zichajiwe juu ya kitu kigumu, si chini ya mto wala kitandani. Betri za baiskeli na skuta za umeme mabweni mengi yamezikataza kabisa ndani, na wako sahihi: betri kubwa ikianza kuungua inajilisha joto lake yenyewe na moshi wake ni sumu.

Mkaa na gesi chumbani, hapana, hata dakika tano. Mkaa unaozimika bado unatoa hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, na kufungua dirisha kidogo hakutoshi. Mafuta yakishika moto jikoni usimwage maji: lita moja ya maji ikigeuka mvuke inajaa kama lita 1,700, na inarusha mafuta yanayowaka chumba kizima. Zima jiko, funika sufuria kwa kifuniko, usiinyanyue.

La mwisho, kitambua moshi. Kukifunika soksi au mfuko ni kosa ambalo mabweni mengi hayana msamaha nalo. Kama kinalia ovyo, shida huwa ni manukato ya kupuliza, mvuke wa bafuni au vumbi. Puliza mbali nacho, na ripoti kisafishwe. Ving'ora vya uongo vinaua kwa njia ya kuwazoesha watu. Tarehe 19 Januari 2000 moto uliwaka alfajiri katika bweni la Boland Hall, Chuo Kikuu cha Seton Hall huko New Jersey, Marekani. Wanafunzi watatu walifariki na makumi wakajeruhiwa. King'ora kililia, ila kilikuwa kimelia bure mara nyingi muhula ule, na wengi walibaki kitandani kwanza. Mwaka uleule jimbo hilo likatunga sheria ya kuweka vinyunyizio vya maji kwenye mabweni.

Kikilia, toka. Hesabu leo milango kati ya chumba chako na ngazi, kwa sababu gizani ndani ya moshi utaitafuta kwa mkono. Gusa mlango kwa mgongo wa kiganja kabla ya kufungua. Ukiwa wa moto, baki ndani, ziba chini kwa nguo iliyolowa, nenda dirishani na upige simu. Lifti usiiguse. Na ile milango mizito ya korido inayojifunga yenyewe msiiwekee kigingi, ndiyo inayozuia moshi usifike kwenye ngazi.

---

MkaziMpya aliandika:

Asanteni sana, walezi wangu. Nimegeuza ekstensheni niliyokuwa nimeiandaa, waya ni 0.75. Nitatafuta nyingine.

Je, friji ndogo iko upande gani? Na bado nasubiri la wenzangu wa chumbani.

---

KiongoziWaGhorofa alijibu:

Hilo la wenzako nalichukua mimi, kwa sababu kwenye ghorofa ugomvi mwingi hauanzi na uovu. Unaanza na watu wanne waliotoka nyumba nne, kila mmoja akiamini desturi ya kwao ndiyo ya dunia nzima.

Kaeni wote wanne ndani ya wiki ya kwanza, mkiwa bado mnaoneana haya kidogo. Andikeni kwenye karatasi, wekeni sahihi, bandikeni nyuma ya mlango. Mabweni mengi yana fomu tayari ya makubaliano ya chumba. Kama hakuna, karatasi ya daftari inatosha. Maneno kama "tuheshimiane" na "tuwe wasafi" yaacheni nje. Kila mtu atasaini na kila mtu ataelewa vyake. Wekeni saa, idadi na jina la mtu.

Mfano wa usingizi: "Taa kubwa inazimwa saa tano usiku siku za masomo. Baada ya hapo ni taa ya meza tu, imeelekezwa ukutani." Kengele ya simu: mtu anaizima mara ya kwanza na anaamka, au anatumia ya mtetemo mkononi. Simu inayotetema juu ya chuma cha dabo deka inamwamsha wa juu na wa chini pamoja. Anayeamka alfajiri apange nguo na vitabu usiku, ili asianze kufungua zipu za begi gizani.

Kelele ina sheria ya bweni tayari. Saa za utulivu kwa kawaida ni kuanzia saa nne usiku mpaka saa moja asubuhi, na majira ya mitihani huwa ni saa 24. Wengi hawaoni kifungu cha chini yake: nje ya saa hizo, jirani akikuomba upunguze, unapunguza, hata kama ni saa nane mchana. Spika usiiweke sakafuni wala kuiegemeza ukutani. Besi husafiri ndani ya zege, na anayeumia ni mtu wa chini au wa pili yake ambaye hata hasikii wimbo, anasikia mdundo tu. Simu ndefu za usiku zisipigwe koridoni pia, korido inavumisha. Nenda chumba cha mapumziko.

Vitu vigaweni makundi matatu, mviandike: vya wote (ufagio, ndoo, pipa), vya kuomba kwanza (pasi, chaja), na visivyoguswa kabisa. Mtu asilazimike kueleza kwa nini taulo lake haliguswi.

Usafi pangeni kwa kazi. Ratiba ya "leo zamu yako" huzaa mtu anayefagia katikati ya chumba akasema amemaliza. Andikeni: takataka zinatolewa kila jioni, chini ya vitanda kunafagiliwa Jumamosi, sinki linasuguliwa mara mbili kwa wiki. Nywele zitolewe kwenye chujio la bafu na anayeoga, palepale. Mafuta ya kupikia hayamwagwi kwenye sinki, yanaganda ndani ya bomba na kuziba ghorofa nzima.

Nguo mbichi zianikwe nje au kwenye chumba cha kuanikia. Fungu moja la nguo zilizokamuliwa kwa mkono linaweza kutoa lita mbili za maji hewani. Mkianika wanne ndani ya chumba kilichofungwa, maji yanakwenda kukaa ukutani nyuma ya kabati, na baada ya wiki chache mnakuta ukungu mweusi na nguo zinanuka. Kabati liachwe sentimita tano au zaidi kutoka ukutani, na dirisha lifunguliwe kila asubuhi japo kwa dakika kumi.

Wageni wa mchana nao waandikeni. Taarifa itolewe siku moja kabla, na yeyote anaweza kukataa bila kutoa sababu. Mwenzako mwulize mkiwa wawili, mgeni asiwe amesimama mlangoni. Ndiyo inayotolewa mbele ya mgeni siihesabu kama ndiyo.

Kuna mtego mmoja: kura. Watatu wakitaka muziki hadi usiku wa manane na mmoja hataki, kura ya tatu kwa moja haiondoi haki yake ya kulala. Usingizi, usalama na faragha havipigiwi kura chumbani.

Mtu akivunja mlichoandika, sema naye ndani ya siku mbili, ana kwa ana, jambo moja tu, na utaje tendo. "Jana taa kubwa ilikuwa inawaka saa saba, sikulala, naomba turudi kwenye saa tano" inasikika. "Wewe hujali watu" inaanzisha vita. Kundi la simu la chumba litumike kwa taarifa za ufunguo na takataka, lisiwe mahali pa kusutana, na vikaratasi vya kubandika kwenye kitanda cha mtu ni sumu kabisa. Mpe wiki. Isipobadilika, njoo kwa kiongozi wa ghorofa ukiwa na tarehe ulizoandika. Kwanza atawakalisha pamoja, hatakuhamisha siku hiyo. Maombi ya kubadili chumba mara nyingi hayapokelewi wiki mbili za mwanzo, hadi ofisi ijue nani amefika na nani hakufika, na baada ya hapo watauliza mmejaribu nini.

Wizi, vitisho, kushikwashikwa, au mwenzako kuzungumzia kujidhuru: hayo hayapitii ngazi hizi. Nenda moja kwa moja kwa mlezi wa zamu, saa yoyote.

---

AfyaMazingira alijibu:

Naongeza kunguni, kwa kuwa vijitabu hulitaja kwa mstari mmoja na watu hulificha kwa aibu. Kunguni hawana uhusiano na uchafu. Wanakuja kwenye begi, godoro la kuazima au nguo iliyolazwa kitandani kwa mtu.

Siku ya kwanza, godoro likiwa tupu, pitisha tochi ya simu kwenye mshono wote, kwenye pembe, na kwenye matundu ya skrubu za kitanda. Unatafuta vidoa vyeusi vinavyosambaa kama wino ukivigusa kwa kitambaa chenye maji, magamba ya kahawia, na wadudu bapa wa milimita tano hivi. Mayai ni meupe, milimita moja. Usitegemee kuwashwa: wapo ambao ngozi yao haionyeshi alama yoyote, na wengine huchukua siku kadhaa.

Ukiona, ripoti siku hiyo. Usipulize dawa ya dukani. Kunguni wengi wamekuwa sugu kwa dawa za jamii ya pairethroidi, na wasiokufa hukimbilia chumba cha pili kupitia nyaya na nyufa. Usihamie kulala kwa rafiki, utawapeleka. Usitoe godoro koridoni. Nguo na mashuka weka kwenye mfuko uliofungwa, fua kwa nyuzi 60 za Selsiasi au kausha kwa mashine ya joto kali nusu saa. Kisichofulika kinaweza kukaa kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa siku nne.

Wapulizaji wakija, wakague na vyumba vya kushoto, kulia, juu na chini. Na lazima warudi baada ya wiki mbili hivi, maana dawa nyingi haziui mayai, nayo huanguliwa ndani ya siku sita hadi kumi. Bweni likipulizwa mara moja tu, mwezi ujao mko palepale. Mkiambiwa imetosha, ombeni kwa maandishi tarehe ya mzunguko wa pili.

---

MleziWaBweni aliandika:

Friji ndogo: ikifanya kazi huvuta wati 50 hadi 100 hivi, ndiyo maana baadhi ya mabweni huiruhusu na kukataa birika. Ichomeke soketi ya ukutani moja kwa moja, iache nafasi nyuma ipumue. Kama unahitaji friji kwa dawa, mfano insulini ambayo akiba yake hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8, omba kibali cha kiafya kwa barua ya daktari kabla ya kufika. Vilevile anayehitaji kitanda cha chini au chumba cha ghorofa ya chini kwa sababu za kiafya asisubiri siku ya kupokea funguo, vyumba hivyo huisha mapema.

Ukiletewa barua ya nidhamu, tazama imetaja kifungu gani, na uombe nakala ya taarifa iliyoandikwa dhidi yako. Siku za kujibu au kukata rufaa mara nyingi huhesabiwa tangu tarehe ya barua, si tangu ulipoifungua, kwa hiyo angalia barua pepe ya chuo kila siku. Unaweza kukubali kosa moja na kukana jingine. Na ujue kifungu cha kuwepo: sehemu nyingi, mtu akivuta sigara chumbani kwenu nawe umekaa hapo, mnaandikwa wote. Mwambie aache. Asipoacha, ondoka na utoe taarifa.

Siku ya kuondoka weka miadi ya ukaguzi, uwepo mwenyewe. Toa kila kitu, pamoja na gundi za mabango ukutani (hizo zinavutwa taratibu kuelekea chini, ukizivuta kuja kwako zinabandua rangi). Ukitangulia kuondoka kabla ya wenzako, piga picha upande wako na eneo la pamoja kabla hujafunga mlango, na uombe ukaguliwe upande wako peke yake. Mkaguzi ashike fomu ya siku ya kwanza mkononi, mpite mstari kwa mstari, asaini, nawe ubaki na nakala. Ufunguo mpe mtu mkononi, akuandikie risiti. Usiusukume chini ya mlango wa ofisi.

---

MkaziMpya aliandika:

Nimeelewa, na nashukuru mno. Fomu nitaiomba kabla ya kufungua begi, na karatasi ya makubaliano nitaipeleka kwa wenzangu ikiwa tupu, tuijaze pamoja.

Swali moja la nyongeza: mkaguzi akikataa kuandika kasoro niliyomwonyesha siku ya kwanza, nifanye nini?

---

MleziWaBweni aliandika:

Iandike wewe mwenyewe kwenye nafasi ya maoni, kisha usaini chini ya maandishi yako, si juu yake. Fomu ikikosa nafasi ya maoni, andika pembeni. Halafu tuma barua pepe ofisini siku hiyo: "Nimepokea chumba namba fulani leo. Nimemwonyesha mkaguzi kasoro zifuatazo ambazo hazikuingizwa kwenye fomu," uziorodheshe, na uambatanishe picha. Usitaje ugomvi wala usimlaumu mtu, orodha inatosha. Wasipojibu, ihifadhi hivyohivyo hadi amana yako irudi.